Joto la Kwenye Picha

Swaumu alichoma kijiti katikati ya keki, akakichomoa, kikatoka na uji. Juu keki ilikuwa imepauka, pembeni imenywea, na chini ilikuwa bichi kabisa. Kioo cha oveni kilisoma mia na themanini, namba nyekundu, inang'aa, haina hata aibu.

"Wewe dude wewe, unaniona mimi mjinga?" aliiambia oveni. Kisha akabeba bati la keki akaenda kuwamwagia kuku, ambao wiki ile walikuwa wamenenepa kuliko watu wa nyumba nzima.

Miaka yote Swaumu alioka keki na skonzi kwa mkaa, nyuma ya nyumba yao ya Old Korogwe, moto chini na moto juu ya mfuniko. Abiria wa mabasi walizinunua stendi, wakala, wakaomba nyingine. Kisha akaja Bwana Laurenti, bwana afya wa kata, na agizo lake: muuza vitu vya kuoka awe na oveni ya umeme inayoonyesha joto kwa namba. Mkaa mwisho. Asiye na oveni, meza yake ya stendi atapewa mwingine. Meza hiyo ndiyo iliyomlisha Swaumu, watoto wake na mama mkwe wake. Kwa hiyo aliuza mbuzi wake, akaenda Mazinde kwenye mnada wa vitu vya meneja mmoja aliyekuwa anahama, akarudi na oveni kubwa ya kioo. Mtaa mzima ulikuja kuitazama.

Fundi wa kwanza alisema koili imekufa, akabadilisha, mambo yakawa yale yale. Wa pili alisema umeme ni mdogo, akala wali, akaondoka. Na leo alasiri ndiyo bwana afya anakuja kukagua. Swaumu alikuwa amechoka na mafundi kiasi kwamba Ukasha, fundi wa friji na redio, alipobisha hodi, alimwitikia kwa mguno.

"Shikamoo, mama," Ukasha alimwamkia mama mkwe aliyekuwa barazani akichambua mchicha.

"Marahaba, baba. Hilo dude litakushinda na wewe."

Ukasha alicheka. Alichomoa waya wa umeme, akafungua mlango wa oveni, akaketi.

"Unafanya nini sasa?" Swaumu aliuliza.

"Naisubiri ipoe, dada. Leta chai."

Swaumu alimpa chai kwa hasira. Alipomaliza kunywa taratibu, kama mtu aliyealikwa harusini, Ukasha alichomeka waya.

"Tia mkono humo ndani. Kuna joto?"

"Hakuna. Baridi."

"Soma kioo."

Kioo kilisema tisini na sita.

"Umeona? Imelala baridi, yenyewe inajiona ina homa," Ukasha alisema. "Ukiiwasha, inadhani imefika mapema, inakata moto. Koili yako ilikuwa nzima, dada. Ulipigwa pesa tu."

Alimulika ndani kwa simu. Kwenye ukuta wa nyuma palichomoza kijiti cha chuma, chembamba kama penseli, kimepinda kuelekea chini. Alikigusa kwa ncha ya bisibisi. Namba ikaruka mia na arobaini, ikashuka sabini, ikapanda tena.

"Mgonjwa ndiye huyu. Hii ndiyo sensa, ndiyo inayopima joto. Waya wake umekatika ndani, unagusa na kuachia. Nani kaikunja hivi? Mnaweka nini humu?"

Swaumu alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama mchicha.

"Masufuria," mama mkwe alisema. "Yakikaa nje yanaonekana. Yakionekana yanaazimwa. Lile langu kubwa la kwanza lilienda msibani, mpaka leo halijarudi. Kwani wewe kwako huweki?"

"Naweka, mama," alikiri Ukasha.

Swaumu alitaka kufoka, akakumbuka kwamba sufuria kubwa huwa analisukuma yeye mwenyewe, kwa goti, ili mlango ufunge. Hasira ikakosa pa kwenda, ikabaki kifuani.

Walizunguka maduka yote ya vifaa vya umeme barabarani. Mmoja aliwaonyesha kifaa cha friji, mwingine cha pasi. Wa mwisho alipiga simu Tanga, akaambiwa sensa ya namna ile huagizwa Dar.

"Inachukua muda gani?"

"Wiki mbili, tatu. Ikikosekana, zaidi."

"Bwana afya anakuja leo!"

"Basi mwambie asubiri," alisema mwenye duka, akageukia mteja mwingine.

Ukasha ndiye aliyeona njia. Kibandani kwake palikuwa na jiko bovu la zamani lenye swichi ya kuzungusha, ile inayokata moto yenyewe joto likifika. Aliichomoa, akaifunga kwenye oveni ya Swaumu, akaiondoa sensa mbovu.

"Kioo hakitasoma kitu," alionya. "Kitaandika E, yaani kuna kosa. Lakini joto litakuwa la kweli."

Swaumu alikoroga keki nyingine. Safari hii ilipanda, ikaiva sawasawa, rangi ya asali. Kijiti kilitoka kikavu. Mama mkwe alipiga kigelegele peke yake, na Swaumu akajikuta anafuta machozi kwa khanga.

Bwana Laurenti aliingia harufu ya keki ikiwa bado imejaa ua. Alikuwa na kizibao chenye mifuko mingi na simu mkononi. Alipokea kipande cha keki kabla ya kukaa, akala, akaongeza cha pili.

"Keki nzuri," alisema, akaisogelea oveni. "Hii E ni ya nini?"

"Sensa imeharibika, bwana afya. Lakini joto lipo, fundi ameweka swichi. Hiyo keki unayokula imetoka humo sasa hivi."

"Namba iko wapi?"

"Namba hakuna. Keki si ipo?"

"Dada yangu, mimi wakubwa siwatumii keki. Nawatumia picha, na picha lazima ionyeshe namba." Alijifuta makombo. "Napita kwa Salome, mama chapati. Nikirudi nisipokuta namba, meza nampa mwingine. Tusilaumiane."

Swaumu alibaki amesimama katikati ya ua. Kisha akamgeukia fundi.

"Rudisha ile mbovu."

"Dada, oveni imepona hii!"

"Nimesema rudisha!"

Ukasha alirudisha, akinung'unika. Kwa kuwa oveni ilikuwa bado ya moto, kioo kiliwaka kikasema mia tatu na kumi. Wakafungua mlango. Mama mkwe akaleta ungo akaanza kupepea, Swaumu akapepea kwa sinia, na namba ikashuka kwa kusuasua huku Ukasha akiisukuma sensa kwa bisibisi, huku na kule. Ilipofika mia na themanini akapiga kelele, "Hapo hapo! Msiiguse!" Wakafunga mlango polepole. Ndani oveni ilikuwa haiwezi hata kupasha maandazi.

Bwana Laurenti alirudi, akainama, akapiga picha. Mlango hakuugusa.

"Si mnaona? Mlikuwa mnanisumbua bure," alisema, akabandika kibali kwenye kioo cha mlango. "Nitapita mara kwa mara, bila taarifa. Namba niikute. Na mkaa nisiuone." Aliondoka na keki iliyobaki, imefungwa kwenye gazeti.

Ukasha aliinua swichi yake. "Niirudishe?"

"Akija kesho? Huwezi kuziweka zote mbili?"

"Ubao wa umeme humo ndani utaungua, dada. Ni namba au joto, chagua."

Mama mkwe alisimama na ungo wake mkononi, akiitazama oveni.

"Sasa hili litafanya kazi gani?"

Swaumu alifungua mlango, akaanza kupanga masufuria ndani, madogo nyuma, makubwa mbele. La mwisho alilisukuma kwa goti mpaka mlango ukafunga. Juu ya kibali namba iliruka mia mbili na ishirini, ikatulia hapo. Akachukua gunia la mkaa, akaenda nyuma ya nyumba kuwasha moto, kwa sababu alfajiri abiria watataka skonzi.