Pampu Niliyoipima kwa Maji Safi

Mimi Shem, fundi wa mtaa wa Mangateen, sikuwa na adabu ya kunyamaza nikisifiwa. Juba nzima, nilikuwa nikisema, hakuna anayepima pampu ya maji ya gari kama mimi. Pampu zetu ni kuukuu, zimetolewa kwenye injini nyingine, na muuzaji ataapa kwa kaburi la mamake kwamba ni nzima. Mimi naifunga mezani, naizungusha kwa mota, napitisha maji moto kwa saa mbili nzima. Beringi ikinguruma, natupa. Sili, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje, ikidondosha tone moja, natupa.

Ujanja wote ulikuwa kwenye maji. Nilitumia ya mtoni, pamoja na mchanga wake, kwa sababu ndiyo madereva wetu wanayojaza kwenye rejeta. Sili iliyochoka hustahimili maji safi. Mchanga ndio unaoiumbua.

Siku ile Swaka alikuja asubuhi na gari lake aina ya Noah, pampu imekufa. Baba yake alikuwa anazikwa Nimule saa kumi jioni, na yeye ndiye kifungua mimba, wa kutupa udongo wa kwanza. Lori la maji ya mto halikuwa limefika. Ningemwambia hivyo tu. Lakini fundi mkubwa atasemaje hana maji? Nikachukua maji ya kunywa ya mke wangu Ketty, yaliyochujwa, nikapimia hayo pampu kuukuu ya kumfungia. Halikudondoka hata tone.

Swaka akaniuliza kama nimepima vizuri.

"Kama siku zote," nikamjibu, macho makavu.

Nikamfungia pampu ile, naye akajaza rejeta mtoni, akaondoka. Alipopita Nesitu kidogo, bado karibu na Juba, sili ikaachia, injini ikachemka mpaka ikakwama. Alifika Nimule jioni kwa lori la mahindi, akakuta kaburi limeshafukiwa.

Baada ya siku nne akaja kwangu. Nilidhani atanipiga, na moyoni nilitamani anipige. Badala yake akaanza kuniomba radhi mbele ya wateja, eti alikimbiza gari mno akaiua pampu yangu nzuri.

"Malesh, fundi," akasema, amenishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kosa iko yangu."

Wateja wakaitikia kwamba ni kweli, pampu ya Shem haina lawama. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wangu uliwaka hadi masikioni. Aibu kama ile sikuwahi kuionja. Ningeweza kuipokea ile radhi nikanyamaza. Lakini nikamwambia yote: lori lililochelewa, maji ya Ketty, uongo wangu.

Hakupandisha sauti. Aliuachia mkono wangu taratibu.

"Wewe ungesema asubuhi ile tu," akasema. "Mimi ingepanda basi."