Mahari ya Koti

Kabla Dina Naftali hajarudi Singida na stashahada yake, watu wa mji ule walikuwa wanavaa tu. Mtu anaamka, anachukua shati lililo juu ya rundo, anatoka, na jua linamwakia kama linavyowawakia wengine. Hakuna aliyejua kwamba anakosea. Dina ndiye aliyekuja kuwafumbua macho. Alipanga chumba karibu na soko, akatundika kibao: DINA, MSHAURI WA MAVAZI NA MWONEKANO.

Watu walikuja, ndiyo. Walikuja kuuliza.

"Unauza nguo?" aliuliza mama mmoja aliyetoka kununua vitunguu.

"Siuzi, mama."

"Unashona?"

"Sishoni. Fundi ni huyo jirani, Martha."

"Basi unafua."

"Nashauri. Namwambia mtu avae nini."

Mama yule alijitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, mimi nina vitenge viwili. Kimoja kikiwa kwenye kamba, navaa kingine. Huo ushauri utaupenyeza wapi?"

Martha, fundi cherehani wa chumba cha pili, alisikia yote bila kusimamisha mguu. "Shoga yangu," alisema mama yule alipoondoka, "hata daktari husubiri mtu augue kwanza."

Dina alichukua simu. Alijipiga picha, akaituma mtandaoni, akapata sifa nyingi kutoka kwa watu wa mbali wasioweza kufika. Alichokosa ni mteja mmoja mkubwa, harusi moja ambayo mji wote ungeitazama. Na alimhitaji upesi, maana baba yake kule Sekenke alikwisha kumwambia, bila ukali hata kidogo, na ndiyo maana iliuma zaidi: "Ukichoka kushauri, rudi nyumbani. Uwele umeanza kubeba, na ndege hawana aibu."

Mteja akaja. Alikuwa Peniel, kijana muuza vifaa vya simu pale stendi, mwenye saa ya dhahabu isiyo dhahabu. Alikuwa anamposa Rahel, muuguzi, binti wa Mzee Bonaventura wa Kinampanda.

"Wakwe zangu ni watu wazito," alisema. "Wazee wangu wa Sepuka nawapenda, lakini mtu ukiwatazama... Baba ana koti moja. Anachungia mbuzi nalo, anaendea kanisani nalo. Nataka siku ya kwenda kuzungumza mahari wakishuka pale, watu wanyamaze."

"Watanyamaza."

"Ukifanikisha hili, harusi nzima ni yako. Kamati, maharusi, wasimamizi, pande zote mbili. Uwavishe wote."

Sasa, kila aliyekulia Singida anajua kwamba wazee wanaokwenda kuzungumza mahari huvaa nguo safi zilizochoka. Usafi ni heshima kwa wakwe, na uchovu ni heshima kwa zizi lako mwenyewe. Dina alilijua hilo. Aliwahi kumwona babu yake akivua saa mlangoni mwa wakwe na kuitia kwenye soksi. Lakini alikuwa amesoma, na katika masomo yake koti zuri lilifungua milango. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba linafungua na mazizi.

Wazee walifika chumbani kwake: Mzee Obadia, baba yake Peniel, na mdogo wake Leonard. Dina alimzungusha Mzee Obadia mbele ya kioo kama anayenunua ndama.

"Baba, wewe rangi zako ni za mtu wa vuli."

"Vuli ya wapi?" aliuliza Mzee Obadia. "Huku tuna mvua moja tu, na yenyewe mwaka jana haikuja."

"Ni lugha ya kitaalamu, baba."

"Aa. Endelea."

Akamvisha koti la buluu iliyokolea, la mtumba aliokuwa ameuchagua Dodoma, lenye bitana inayong'aa kama mafuta ya alizeti. Akamvisha viatu vyeusi vya ncha ndefu vilivyomzidi, akavijaza magazeti kwenye vidole. Leonard alipewa tai ya waridi na miwani ya jua. Alipojiona kwenye kioo, Leonard alirudi nyuma kumpisha huyo mtu apite.

"Tunarudisha lini?" Mzee Obadia alinong'ona.

"Mkirudi tu."

Walikwenda Kinampanda kwa gari la kukodi. Dina alijichomeka miongoni mwa kina mama waliobeba vikapu vya zawadi, maana alitaka kuiona kazi yake kwa macho. Na kweli, wazee waliposhuka, ua mzima ulinyamaza. Hata mbwa. Dina alihisi harusi inamjia mikononi.

Alikuwa jikoni anasaidia kupanga vikombe alipowasikia wenyeji wawili nyuma ya ukuta. Mmoja alikuwa Mzee Bonaventura mwenyewe, mwingine mdogo wake, Chrispin.

"Asubuhi tulikubaliana wangapi?" Chrispin aliuliza.

"Ng'ombe kumi na wawili."

"Umeviona viatu?"

"Nimeviona."

"Vile ni viatu vya ng'ombe kumi na wawili?"

Dina alimsikia Mzee Bonaventura akiguna.

"Na yule mdogo wake," Chrispin aliendelea, "kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kaka, huyo ana mali mpaka inamuumiza macho."

Waliporudi sebuleni, mshenga Paschal alipewa jibu awafikishie wageni: ng'ombe ishirini na wanne. Mzee Obadia alihesabu kimoyomoyo. Zizi lake lote, na la Leonard juu yake, na wale wawili aliowakabidhi kwa shemeji, wasingefika hapo. Lakini mtu aliyevaa koti kama lile hawezi kusema hana. Alikohoa, akasema watakwenda kushauriana.

Safari ya pili walikwenda kama walivyo. Dina ndiye aliyewaambia hivyo, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelipanga tangu mwanzo. Mzee Obadia alitii kupita kiasi. Alivaa koti lake la mbuzi, lenye harufu ya mbuzi, akafunga suruali kwa kamba ingawa mkanda anao. Mzee Bonaventura alimpokea, akamkalisha, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mzee mwenzangu," alisema, "mara ya kwanza ulitujia kama mkwe. Leo umetujia kama mtu anayetaka kununua shamba kwa bei ya kutupa. Unadhani hatujui? Tajiri akitaka kupunguziwa huvaa matambara."

"Lakini hizi ndizo nguo zangu!"

"Zile ndizo zako. Hizi umeazima."

Ng'ombe wakabaki ishirini na wanne, na juu yao akaongezwa beberu mmoja wa kuosha dharau.

Peniel aliingia chumbani kwa Dina bila kubisha hodi. "Rahel halii," alisema. "Angelia ningejua la kufanya. Kanyamaza tu. Dina, posa hii ikivunjika, nitachukua kipaza sauti pale stendi, nilitangaze jina lako kwa kila basi linaloingia."

"Tukawaambie ukweli. Kwamba nguo ni zangu."

"Baba kakataa. Kasema heri akose mkwe kuliko wilaya nzima ya Iramba ijue kwamba aliazima viatu. Atakayesema, yeye na familia yetu basi."

Hapo Dina akaona ameshikwa pabaya. Akinyamaza, hakuna harusi. Akisema, harusi ipo, ila yeye hayumo. Alikaa akilitazama lile koti limetundikwa ukutani, likiwa limependeza kuliko watu wote aliowahi kuwavisha. Akalikunja, akalitia mkobani, akaenda kusubiri gari la Kinampanda.

"Nenda salama," Martha alimwambia. "Ila uwe mwangalifu, usivae vizuri."

Alimkuta Mzee Bonaventura ameketi barazani na Chrispin.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba. Wewe si yule binti wa vikapu?"

"Ndimi, baba. Lakini vikapu haikuwa kazi yangu."

Akaeleza yote: koti, viatu, magazeti ndani ya viatu, miwani. Chrispin alicheka kwa pua.

"Wametutumia binti wa kutulainisha. Kaka, ongeza beberu wa pili."

Dina hakubishana. Alilitoa koti mkobani, akalikung'uta. "Baba, naomba ulivae."

"Mimi? La nini?"

"Livae tu, kisha nifukuze."

Mzee Bonaventura alilivaa kwa dharau, mkono mmoja kisha mwingine. Dina akalivuta mabegani, akafunga kifungo. Mgongo wa mzee ukanyooka wenyewe. Mkono wake ulitafuta mfuko, ukaupata, ukatulia humo. Akakohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa kipya, cha mtu anayesubiriwa. Chrispin alisogea kwenye benchi kumwachia nafasi kubwa zaidi, kisha akashangaa kwa nini amesogea.

Mama Maria, mkewe, alitokea ndani na birika. "Jamani, mmepata mgeni na hamniambii? Karibu sana, bwa..." Akasimama. "Bonaventura! Hilo koti umelitoa wapi?"

"Sasa Mzee Chrispin," Dina alisema, "kwa kumtazama tu hivi, huyu ana ng'ombe wangapi?"

"Mia," alisema Chrispin, kabla hajajizuia.

"Jana walilala tisa," alisema Mama Maria. "Na mmoja anachechemea."

 Ndipo Rahel, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda zamu, akatokea mlangoni na sare yake nyeupe. Msichana mpole, watu husema, na watu husema hivyo mara nyingi juu ya mtu ambaye hawajawahi kumuuliza kitu.

"Baba," alisema, "asubuhi ile kabla wageni hawajashuka, mimi nilikuwa wa ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili, mwanangu."

"Na wageni waliposhuka, mimi niliongezeka nini? Nilirefuka? Nilisoma chuo kingine?"

Rahel alilinyooshea koti kidole.

"Basi hao wengine kumi na wawili si mahari yangu. Ni mahari ya koti. Mwozeni koti, mimi niacheni niende na wale kumi na wawili wa kwanza."

Chrispin alifungua mdomo, akaona Mama Maria anamtazama na birika la moto mkononi, akaufunga. Mzee Bonaventura alitazama chini, kwenye bitana inayong'aa, kwa muda wa kutosha mtu kujionea haya.

"Watabaki kumi na wawili," alisema hatimaye. "Na beberu nimemfuta. Ila..." Alipapasa ukosi. "Koti libaki. Badala ya beberu."

Kabla Dina hajafika barabarani simu iliita. Mshenga Paschal, aliyepigiwa simu na Mzee Bonaventura, alikuwa amekwisha kupeleka habari.

"Dina, asante," Peniel alisema. "Kwa kweli asante. Na baba anasema harusini usiguse hata kifungo."

Simu ikakatika. Alikuwa bado ameishika alipoitwa nyuma yake. Ni Chrispin, anakuja mbio, anatazama huku na huku kama mtu anayetafuta dawa ya siri.

"Binti, subiri. Jumamosi wanakuja watu kumposa mwanangu Hana. Wakinikuta hivi watanipa kuku. Unaweza kunifanya nionekane nina mashine ya kukamua alizeti?"

Nyuma yake alikuwa anakuja jirani mwingine, mnene, mwenye kuchechemea kwa haraka. "Na mimi, binti! Mimi ni upande wa kulipa. Nataka nionekane nimechoka, lakini watu waamini."

Dina alikuwa na hotuba tayari, kwamba mtu si nguo yake, somo lile lile lililofanya kazi nzuri barazani muda si mrefu uliopita. Ilimfika kooni. Akaimeza, akatoa futikamba mkobani.

"Simama wima, baba," alimwambia Chrispin. "Na usitabasamu. Wenye mali hawamtabasamii mtu wasiyemjua."