Si Mvua, Ni Bi Mize

Siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, mwaka 1959, Bi Mize, mkunga wa Mgogoni, alifika kwa mzazi na mkoba wake mkononi. Akabisha hodi, akakaribishwa, akaingia, akamkuta mtoto keshazaliwa, keshaogeshwa, keshaadhiniwa na keshanyonya mara mbili. Mtoto alimtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyefika baada ya dirisha kufungwa.

Huyo alikuwa mtoto wa tatu kumtangulia mwezi ule. Bi Mize alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mwili umejaa vizuri, na mwendo wake ulikuwa wa heshima, yaani polepole. Hakuna aliyemlaumu. Walimpa chai na mkate wa ufuta kana kwamba kazi ameifanya yeye, na hilo ndilo lililomuuma.

Kulikuwa na jingine lililomuuma zaidi. Mwaka uliotangulia, Masika binti Himid alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto kakaa upande. Bi Mize aliitwa akachelewa kufika, na alipofika akaona kazi ile si ya mikono yake. Vijana wanne wakambeba Masika kitandani kumpeleka hospitali, Wete. Kwenye nguzo ya simu ya tisini Masika aliomba maji. Kwenye nguzo ya mia hakuomba kitu tena. Tangu siku hiyo Bi Mize alijua idadi ya nguzo kutoka Mgogoni hadi hospitali: mia na kumi na tano.

Watu wa Mgogoni walikwisha kuandika barua tisa kuomba zahanati. Afisi moja ya serikali, ambayo haitatajwa hapa kwa sababu bado ina mihuri, ilizijibu zote kwa adabu. Kanuni ilisema kijiji hupewa zahanati kikiwa maili sita au zaidi kutoka hospitali. Mgogoni ilikuwa maili tano na robo tatu. Walipungukiwa na nguzo tano.

Ijumaa ile Bi Mize alinunua viatu vya raba katika duka moja la Jadida, mjini Wete. Jumamosi saa tatu asubuhi akavivaa, akafunga kanga kiunoni juu ya buibui, akatoka.

"Mke wangu," alisema mumewe, Mzee Mmanga, aliyekuwa barazani akichambua karafuu, "unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Nakimbia tu."

"Hakuna kukimbia tu. Mtu humkimbia ng'ombe wa mchezo akimjia na pembe, au hukimbilia karafuu zisirowe. Wewe una ng'ombe?"

"Nina wewe," alisema Bi Mize, akaanza.

Alikimbia nguzo tatu. Kwenye ya kwanza mbavu zilimchoma. Kwenye ya pili moyo ulimpanda kooni ukakaa hapo. Kwenye ya tatu aliketi chini, akashika nguzo kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa zamani.

Mzee Mmanga alikuwa amesema kweli. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa juani kila uwanja, na katika msimu wa karafuu watu wa Pemba hawana haja ya kutazama mbingu. Wakimwona mtu mzima anakimbia, wanaanua. Kwa hiyo kila aliyemwona Bi Mize alikunja jamvi lake, na kila aliyemwona jirani akikunja alikunja lake. Bi Mize alipokuwa bado ameshika nguzo ya tatu, vijiji vinne vilikuwa vimeanua karafuu zote chini ya anga lisilo na wingu hata la dawa.

Mwatima, jirani yake, alimjia jasho likimtoka, jamvi begani.

"Bi Mize! Mvua iko wapi?"

"Mvua gani?"

"Sasa wakimbilia nini, mtu na makamo yako?"

Siku ya pili Bi Mize alikimbia huku akipiga kelele, "Si mvua! Si mvua!" Kelele zile zilimaliza pumzi kidogo aliyokuwa nayo. Siku ya tatu watoto walimhurumia wakaichukua kazi hiyo. Walitangulia mbele, kijiji baada ya kijiji, wakitangaza: "Si mvua! Ni Bi Mize!" Watu wakaendelea kuanika.

Bi Mize alikimbia wiki nzima na kila siku alichukia zaidi. Alichukia viatu, alichukia jua, alichukia magoti yake kila moja kwa jina lake. Wiki ya pili Khatib, mchuuzi wa samaki anayekuja Mgogoni kwa baiskeli, alihesabu nguzo mia na kumi na nane. Wiki ya tatu alihesabu mia na ishirini na moja. Nguzo mpya hazikuletwa na gari. Zilikuja na barabara yenyewe, kama meno yanavyokuja na mtoto. Waya haukuongezeka, kwa hiyo ulikazana mpaka ukawa unaimba, na watu waliopiga simu walisikika kama chiriku.

Sheha wa kijiji, Mzee Jaribu, alikwenda kwa Bi Mize baada ya Asri.

"Bi Mize, mwanangu, unairefusha barabara."

"Naona, Mzee."

"Sababu?"

"Nachukia kukimbia."

Sheha alitikisa kichwa, maana jambo lilikuwa wazi. "Basi jaribu kupenda. Samaki wa Khatib wanafika wamelala."

Bi Mize aliliangalia jambo hilo kikazi. Mzazi hasukumwi kabla ya wakati wake, na pengine mkimbiaji naye hivyo hivyo. Akaamua kukimbia nguzo moja na kutembea mbili. Akaamua pia kusoma Yasini njiani, kwa sauti: akikata neno katikati, anakwenda mbio mno, na ni lazima apunguze. Kwa kanuni hiyo alikimbia polepole kiasi kwamba siku moja bata alimpita. Bi Mize alimwachia njia.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja baina ya nguzo ya thelathini na moja na ya thelathini na mbili, aligundua kwamba hakuna kinachouma. Alijikagua kuanzia juu: kichwa, kifua, mbavu, magoti. Vyote vilikuwepo na vyote vilikuwa vimenyamaza. Upepo ulikuwa unapita baina ya shingo na ukaya wa kichwani, karafuu mbichi zilinukia pande zote mbili, na miguu ilikuwa inakwenda bila kuamrishwa. Bi Mize alicheka peke yake kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Alipita nguzo ambayo ilikuwa zamu ya kutembea, asikumbuke kutembea.

Siku hiyo nguzo zilikuwa mia na kumi na mbili. Baada ya wiki zilikuwa sabini. Mwezi wa kumi na moja ulipoandama zilikuwa thelathini na nane. Nguzo zilizoondoka hazikuacha shimo. Waya ulilegea ukashuka chini, kuku wakaanza kulala juu yake. Khatib alileta samaki wanaorusha mikia, na watu wa vijiji vya katikati hawakusongwa, ila walijikuta wana majirani wengi zaidi wa kuombana chumvi. Bi Mize sasa alifika kwa wazazi mapema hata akawa anakunywa chai kwanza na kuuliza habari za shamba. Mzee Mmanga aliacha masihara akawa anamfulia viatu vya raba kila Ijumaa na kuvianika kwenye jamvi pamoja na karafuu.

Mtu aliyeona mbali alikuwa sheha. Aliwaita watu, akamweka Bi Mize mbele.

"Barabara hii inarefuka na kufupika kwa moyo wa mtu mmoja," alisema. "Tumeandika barua ya kumi. Mpima anakuja Jumatano. Bi Mize, tunakuomba ukimbie mbele yake kwa chuki. Hatutaki makubwa. Nguzo tano tu juu ya zile za zamani."

"Nitachukia," aliahidi Bi Mize.

Mpima aliitwa Bwana Abrahman, mtu mpole mwenye mnyororo wa kupimia na wasaidizi wawili. Alianzia mlango wa hospitali, Wete, na Bi Mize akaanza kukimbia mbele yake kuelekea Mgogoni. Alikuwa ametia kijiwe katika kiatu cha kulia. Baada ya hatua ishirini alikuwa amekizoea kijiwe na kukipenda. Akamkumbuka mama mkwe wake, marehemu, aliyemtesa miaka kumi na mbili. Akakumbuka namna alivyoanguka na chungu cha uji, akacheka. Nyuma yake wasaidizi walilalamika kwamba mnyororo unajikunja wenyewe.

Hapo akafika mahali palipokuwa nguzo ya tisini. Nguzo yenyewe ilikuwa imeondoka wiki nyingi, paliota majani tu. Bi Mize alisikia mtu akiomba maji.

Hakusimama. Lakini chuki aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi hakuihitaji tena, kwa sababu huzuni ilikuwa imefika kabla yake. Nguzo ya tisini ikatoka ardhini, ikafuata ya themanini na tisa, na nyingine, na nyingine. Barabara ilijinyoosha mbele yake kama mkeka unaokunjuliwa, na yeye alikimbia juu yake akilia, bila kukata hata neno moja la Yasini. Alipofika Mgogoni jua lilikuwa limeshapita utosini. Bwana Abrahman alifika saa mbili baadaye, uso umejaa vumbi. Alipewa dafu, akaketi juu ya jiwe, akafungua faili.

"Umepata ngapi, Bwana?" aliuliza sheha.

"Saba na robo."

"Alhamdulillahi!"

"Lakini faili linasema tano na robo tatu."

"Faili limepima lini?"

"Mwaka arubaini na saba."

"Na wewe umepima leo, kwa miguu yako."

"Mzee wangu," alisema Bwana Abrahman kwa upole, "mimi nina miguu miwili. Faili lina saini tatu."

Akaandika maili tano na robo tatu, akapuliza wino ukauka, akashukuru kwa dafu. Kisha akaitazama barabara aliyojia, urefu wake wote, akamgeukia Bi Mize.

"Bi Mkubwa, kama hutaona taabu, ungekimbia kidogo mbele yetu? Kwa furaha?"

"Leo sina, Bwana," alisema Bi Mize.

Wapimaji walirudi Wete kwa maili saba na robo.

Bi Mize aliweka viatu chini ya kitanda. Siku kumi na saba barabara ilibaki hivyo hivyo. Siku ya kumi na nane, saa nne asubuhi, aliitwa kwa Mwanakhamis, mke wa Shaame. Alifika mapema kwa sababu ni nyumba ya tatu kutoka kwake. Akampapasa tumbo. Mtoto kakaa upande.

"Kitanda," alisema. "Na viatu vyangu."

Shaame na wenzake watatu waliinua kitanda, Bi Mize akatangulia. Alitaka kwenda mbio, na hofu ikampa mbio. Nguzo ya kwanza aliipita kama mshale, Yasini ikakatika vipande. Mbele yake, mbali, nguzo mbili zikaongezeka.

"Bi Mize!" alipiga kelele Shaame. "Wete inatukimbia!"

Bi Mize alipunguza. Ni jambo gumu kumpunguzia mwendo mtu anayeumwa nyuma yako, lakini alipunguza mpaka neno likakamilika, kisha aya ikakamilika. Alipunguza mpaka wabebaji wakawa wanaona kisigino chake kikiinuka na kushuka kwa raha zake.

Kutoka kitandani, baina ya uchungu na uchungu, ikaja sauti ya Mwanakhamis.

"Bi Mize."

"Naam, mwanangu."

"Ukikimbia, huko nyuma ni kama magunia mawili yanagombana."

Shaame aliona haya badala ya mkewe. Bi Mize alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mbele watoto waliokwisha kumwona wakaanza, "Si mvua! Ni Bi Mize!" na watu wakatoka viwanjani, wakasimama kando ya majamvi yao bila kukunja hata moja. Upepo ukapita baina ya shingo na ukaya. Miguu ikaacha kusubiri amri. Nguzo zikaanza kuondoka, mbilimbili, kisha kumikumi. Ya tisini ilibaki mahali pake.

"Salaam aleikum, Masika," alisema Bi Mize, akaipita bila kupunguza mwendo.

Walifika hospitali chai ya Mzee Mmanga, aliyoimimina walipoondoka, ikiwa bado inatoa moshi. Mtoto alitolewa salama na mama akabaki salama. Alikuwa wa kike, ana sauti ya mnadi. Mwanakhamis akampa jina la Masika bila kumuuliza mtu.

Baadaye karani wa kuandikisha alifungua daftari lake.

"Mmetoka wapi?"

"Mgogoni," alisema Bi Mize.

"Umbali gani?"

Bi Mize alielekeza kidole nje ya mlango. Karani aliinua kichwa akatazama. Ng'ambo ya barabara, hatua arubaini hivi, Mzee Mmanga alikuwa barazani kwake akichambua karafuu. Alipoona anatazamwa alipunga mkono akauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

"Wa kike, Mzee!" alijibu karani. "Hongera!"

Kisha akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: maili tano na robo tatu.