Talaka ya Bima

Wazo lilikuwa la Somoe mwenyewe, na hilo ndilo linaloudhi kuliko yote. Lingekuwa la Mwishehe, tungemlaani Mwishehe tukamaliza. Lakini hapana. Bibi huyu wa Tandale, aliyewahi kuwalisha vitumbua nusu ya wachukuzi wa soko la huko, alikaa kitandani na figo zake zilizokufa, akafikiri, akacheka peke yake, kisha akamwita mumewe ili amfundishe namna ya kumwacha.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilikuwa imeanza kutekelezwa. Redio ziliiimba asubuhi na jioni, na Somoe aliisikiliza kwa moyo wote, kwa sababu damu yake ilitaka kusafishwa kwa mashine kila wiki na wiki nyingi haikusafishwa. Alisubiri mpaka avimbe uso, mpaka akose pumzi, ndipo Mwishehe auze kitu waende hospitali. Iliuzwa feni, likauzwa kabati la vyombo, mwisho ikauzwa cherehani yake. Kwa hiyo siku ile Mwishehe, dalali wa mchele pale sokoni, alipokwenda kuiandikisha kaya yake, Somoe alivaa gauni zuri akamsubiri barazani.

Mwishehe alirudi hamtazami usoni.

"Wanataka mwenza mmoja," akasema. "Mwenza na wategemezi wanne, basi. Nimemweka mama, na wale watoto watatu."

"Na mwenza?"

"Munira ana mimba, Somoe. Ningefanyaje?"

Munira alikuwa mke mdogo, na wale watoto watatu walikuwa wake. Somoe hakujaliwa kuzaa, na ni yeye mwenyewe aliyefunga safari hadi Gongo la Mboto kumposea mumewe yule binti, ili nyumba ipate sauti za watoto. Watu walimsifu sana kwa moyo wake mkubwa. Moyo mkubwa haukumpatia nafasi kwenye bima.

Hakulia. Somoe si mtu wa kulia ovyo. Alikaa siku mbili tatu na redio yake, akasikia kwamba wasio na uwezo serikali itawalipia, na hapo akili ikamfunguka. Mke wa dalali mwenye nyumba ana uwezo, hata kama uwezo wenyewe hauoni. Lakini mwanamke aliyeachwa, mgonjwa, asiye na mtoto wala biashara, nani fukara kumshinda?

"Utaniacha," akamwambia Mwishehe. "Talaka moja. Sikiliza vizuri, baba, moja, sio mbili. Eda, ile miezi mitatu, nakaa humu humu, chumba changu cha mbele. Kadi ikishatoka, kabla eda haijaisha, tunakwenda kwa Sheikh Talha unanirejea. Neno moja tu, tunarudi kula pilau."

"Talaka haichezewi, mke wangu."

"Nani anacheza? Mie nakufa."

Mwishehe akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mpole, sauti yake haijapata kuvuka ukuta, na wapole wa namna hii ni wa kuwaogopa, maana huwezi kujua wanakubaliana na wewe au wanakusubiri.

Wakaifanya alasiri moja, barazani, watu wakiwa wanarudi kutoka sokoni. Somoe ndiye aliyeanzisha ugomvi. Akarusha sufuria, akamtukania mumewe mizani anayopunjia watu, akamtukania na ukoo. Mwishehe akatamka kitu kwa sauti ya chini. "Sema kwa nguvu!" Somoe akamnong'oneza huku amejishika kiuno. Akasema kwa nguvu. Mjumbe wa shina, Kondo, aliyekuwa anapita na mkate wake kwapani, akasikia kila kitu, na hicho ndicho kilichotakiwa.

Somoe akalia kwa ufundi wote alionao. Alijibwaga chini, akang'oa kilemba, akaita marehemu mama yake. Wanawake wa uchochoro mzima wakajaa uani, wakamfunika kanga, wakamkanda mgongo, wakamlaani Mwishehe mpaka mate yakawakauka. Kisha wakaondoka, naye akajifungia chumbani akacheka, ameuma mto asisikike nje. Amewaweza! Amewaweza wote, mjumbe, mtaa, na serikali juu yake.

Kesho yake alimsikia Mwishehe akienda sokoni anapiga mluzi. Somoe akaona mumewe kumbe naye ni mwigizaji hodari.

Kondo akamwandikia barua ya ufukara, na kadi ikatoka. Hospitali ikaisoma kadi mara moja, mashine ikaichukua damu ya Somoe na kuirudisha safi, mara kwa mara, bila kuuza chochote. Uso ukapungua uvimbe, miguu ikaanza kuonyesha mifupa yake, usingizi ukarudi. Nani hatafurahi? Alipokuwa amelala kwenye kile kiti kirefu alipanga pilau ya kurejewa, nani ataalikwa, na gauni gani litavaliwa.

Nyumbani Mwishehe alishika adabu kupita kiasi. Alibisha hodi kabla hajamsemesha. Aliacha kula alichopika Somoe, watu wasije wakasema. Akikutana naye uani alipisha njia kama anampisha mgeni. Kila alichofanya kilikuwa sawa na walivyopatana, hakuna pa kumshika. Na Munira alikuwa mwema zaidi ya zamani, analeta uji, analeta maji ya kuoga. Siku moja Somoe alimkuta kwenye chumba cha mbele anapima dirisha kwa upande wa kanga.

"Nataka nikushonee pazia, dada," Munira akasema.

Somoe akamwombea dua.

Siku ya mwisho ya eda, Somoe aliroweka mchele tangu mchana na kutwanga viungo mwenyewe. Sheikh Talha alikuwa anawasubiri kabla ya magharibi. Lakini kwenye alasiri hivi akaingia Mama Marietha, afisa ustawi, mwanamke wa kusini mwenye viatu vya vumbi na macho yasiyodanganyika. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kuwahakiki wanaolipiwa na serikali.

"Shikamoo mama," akasema. "Nisamehe kwa maswali. Watu wanatuchezea. Wanaachana mchana, jioni wanakula sahani moja. Tukimkamata mtu, kadi inafungwa, na kesi juu." Akamgeukia Mwishehe. "Baba, huyu mama ni nani kwako?"

Somoe alitaka kujibu, lakini Mwishehe akamtangulia, kwa ile sauti yake ya upole.

"Ni mpangaji wangu."

"Mpangaji?"

"Nilimwacha, mtaa mzima unajua. Nikamwonea huruma, nikampangisha chumba cha mbele."

Mama Marietha akamtazama Somoe. "Ni kweli, mama?"

Chumba cha mbele! Tofali za chumba kile Somoe alizifyatua mwenyewe, mchanga kaubeba kichwani, saruji kainunua kwa vitumbua miaka hiyo Mwishehe hana hata mizani ya kupunjia watu. Damu ikamchemka. Lakini damu yenyewe ndiyo ile inayosafishwa kwa kadi, na kadi imeshikwa na jibu lake.

"Kweli," akasema.

"Na nyumba hii, huna sehemu yako? Maana mwenye nyumba hatumhesabu kuwa hana uwezo."

Mwishehe alikuwa anatazama juu, penye mabati, kama anayehesabu matundu.

"Sina," Somoe akasema.

"Hata tofali moja?"

"Hata moja."

Akaweka saini. Kondo mjumbe akaitwa, akaweka ya kwake. Mama Marietha akampa mkono, akamwambia ashukuru Mungu, kadi yake imethibitishwa na hakuna atakayemsumbua tena. Akaenda zake. Alikuwa mtu mwaminifu aliyefanya kazi yake vizuri, na ukitaka wa kumchukia hapa, mwache yeye.

Somoe akafunga kanga vizuri. "Haya, baba. Twende kwa Sheikh, jua linakwenda."

Mwishehe hakuinuka kwenye kigoda.

"Kufanya nini?"

"Kunirejea!"

"Umemsikia yule mama mwenyewe. Nikikurejea leo, kadi inafungwa kesho. Unataka niwe muuaji, Somoe?"

"Basi ifungwe. Sema neno."

"Siwezi. Nakuhurumia."

"Sema hapa hapa, mbele ya Kondo, anatosha! Nitakufa mke wa mtu, ishu ya kadi niachie mie!"

Kondo akakohoa, akakumbuka kwamba amebandika maharage jikoni, akaondoka. Somoe akapiga magoti. Ndiyo, alipiga magoti, mwanamke yule aliyezoea kuwatoza wababe wa sokoni, akashika mguu wa suruali ya mumewe na kuuvuta kama mtoto. Mwishehe akauacha mguu uvutwe. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza. Somoe alidhani anafikiri. Kumbe alikuwa anasubiri, na alichokuwa anakisubiri kikaja kutoka msikitini, spika zikakoroma, mwadhini akaadhini magharibi.

Eda ikaisha, na neno moja halikutosha tena. Mwishehe akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia.

"Chumba nakihitaji mwisho wa wiki," akasema, akiuchomoa mguu taratibu asimuumize. "Munira karibu anajifungua, na mtoto anataka dirisha. Pazia limeshashonwa. Wewe utapata pa kupanga, na sasa afya unayo, alhamdulillah."

Akachukua birika akaenda kutawadha.

Mchele ule uliorowekwa haukuharibika. Munira aliupika, watoto wakala, mama mkwe akala na kuomba aongezewe. Sahani moja ikafunikwa vizuri kwa kawa ikaletwa chumba cha mbele.

"Ya kwako sikuitia chumvi, dada," Munira akasema mlangoni. "Kwa ajili ya figo."

Hapo ndipo Somoe alipolia. Safari hii hakukuwa na ufundi wowote. Kilio kilimtoka kibaya, kizito, kilichokatikakatika kama kikohozi, wala hakukumbuka kumwita mama yake. Akalia huku masikio yakiwa mlangoni, akisubiri wanawake wa uchochoro wajae uani na kanga zao.

Hakuja mtu. Walikwisha kuja. Baada ya kitambo mwanamke mmoja akasemea upande wa pili wa ukuta, anaosha vyombo vyake:

"Jamani, Bi Somoe, mpaka leo unalia tu? Si ulishaachwa siku nyingi? Lala, kesho una mashine."