Efrazia Afika Akiwa Hai

Kabla ya kumlaza mtu yeyote kwenye ingobyi, Kasiano huilalia yeye kwanza. Ndiyo kanuni yake tangu achaguliwe kuwa kiongozi wa wabebaji kilimani kwao, juu ya mji mdogo wa Mwakiro. Ingobyi ni machela ya matete yaliyofumwa, yenye miti miwili mirefu ya kuwekwa mabegani. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja wa kuibeba zamu yake ifikapo, na anayekosa bila sababu hulipa faini ya pombe. Asubuhi hiyo Kasiano alilala chali, akajitikisa, akasikia mlio ubavuni ambako matete yalikuwa yameanza kukatika.

"Itafika," alisema.

"Itafika Mwakiro au mbinguni?" aliuliza Efrazia, aliyekuwa ameketi kizingitini kwake, magongo yake yakiwa kando yake.

"Mwakiro. Mbinguni ni mlima mkali zaidi, tungekudai ng'ombe."

Wabebaji walicheka. Efrazia hakucheka, alikuwa akifunga kitambulisho chake kwenye pindo la kitenge, na alipofunga fundo alilivuta kwa meno kuhakikisha.

Kasiano alimfahamu tangu utotoni. Walikulia pamoja Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, wakarudi Burundi kwa lori moja, wakagawiwa mashamba yanayopakana. Efrazia alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuosha kahawa, na huko mashine ilimchukua mguu wa kulia na kumharibu nyonga ya kushoto. Tangu hapo alipokea pensheni ya ulemavu, ndogo lakini isiyokosa. Katika miaka yote hiyo aliita ingobyi mara moja tu, siku ya ajali. Kasiano alijua watu walioiita kwa maumivu ya jino tu.

Leo aliiita mara ya pili. Serikali ilikuwa imetangaza nyongeza kwa wastaafu na walemavu wote wanaopokea pensheni, kwa kuwa bei za vitu zilipanda na pensheni ikabaki pale pale. Nyongeza hiyo ilikuwa ya mara moja. Sharti lilikuwa moja pia: mwenye pensheni aonekane kwa macho na mtumishi aliyetumwa kutoka mji mkuu, Gitega, pale Mwakiro, leo, kabla ya saa tisa alasiri. Pikipiki hazikuwa na mafuta, na kwenye kiti cha baiskeli nyonga yake haikukubali kukaa.

Efrazia aliyajua matumizi ya fedha hiyo hata kabla haijatangazwa. Mahmudu, mchomeleaji wa Muyinga mjini, alikuwa ameshaunda baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Aliahidi kumwekea Efrazia hadi Jumapili. Baada ya hapo angemuuzia mteja mwingine, ambaye alikuja kila siku kuigusa. Barabara iliyolimwa na wanakilima kwenye kazi za pamoja za Jumamosi ilipita chini ya nyumba yake. Angeweza kupeleka maharage sokoni mwenyewe, na kwenda kanisani bila kungoja mabega ya watu.

"Nikishaipata," alisema walipomlaza, "sitabebwa tena mpaka siku nitakayoshindwa kukataa."

Waliondoka. Njiani mambo yakaenda kama desturi inavyotaka. Waliokutana na ingobyi walishuka barabarani na kuipisha, na mwanamume aliyekuwa na nguvu aliweka mzigo wake chini, akapokea mti kwa mwendo mfupi, kisha akarudi kwenye mzigo wake. Hakuna aliyechungulia. Kumchungulia aliyebebwa ni utovu wa adabu. Mtu huuliza wabebaji, nao hujibu.

Kwenye mteremko wa bonde manyunyu yalianza. Kasiano alitandaza turubai juu ya Efrazia, akalifunika hadi kichwani, akalibana kwa kamba pande zote, magongo yake yakiwa juu. Mambo yote anayoyafanya huyafanya kikamilifu, na hilo pia alilifanya hivyo. Kisha wakaanza kupanda upande wa pili, ambako udongo huteleza na pumzi huisha.

Hapo ndipo Zakaria, mwendesha baiskeli ya abiria ambaye kila mtu Mwakiro humjua, aliwafikia kutoka nyuma. Alisalimia. Wabebaji walikuwa wakihema, hakuna aliyejibu. Zakaria alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasimama kando hadi walipopita. Kasiano alimwona na akapendezwa na heshima ile. Hakuwaza zaidi, hata Zakaria alipowapita baadaye kuelekea Mwakiro.

Walipofika uwanja wa Mwakiro, manyunyu yalikuwa yamekatika. Wanawake wa sokoni walisimama wote kwa pamoja. Mmoja wao, Klara, muuza mandazi, alikuwa ameshika beseni lenye noti, na aliwajia kwa hatua ndogo ndogo za msibani.

"Poleni sana, baba Kasiano," alisema. "Tumeanza kuchanga. Si nyingi, lakini sanduku haliwezi kungoja."

"Sanduku la nini?"

Turubai likatikisika. Mkono ukatoka, ukatafuta kamba, ukaifungua.

"Klara," alisema Efrazia, akijiinua kwa kiwiko, "kama mandazi ni ya moto nipe mawili. Njaa imeniuma tangu bondeni."

Klara aliweka beseni chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Wengine walirudi nyuma. Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, na uwanja mzima ukamfuata.

Kasiano hakucheka. Alikwisha kuunganisha ile kofia, ule ukimya wa wabebaji na lile turubai, na jumla yake haikumpendeza. Alimtazama mtumishi wa Gitega, mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijivu, aliyeketi kwenye meza chini ya baraza la ofisi. Yeye pia hakuwa akicheka. Alikuwa akiitazama tableti yake.

Wabebaji walimketisha Efrazia kwenye benchi mbele ya meza. Mtumishi alijitambulisha kuwa Farida, akaomba kitambulisho, akakilinganisha na uso, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, ni wewe, mi sina mashaka," alisema. "Lakini nimekuandika umekufa. Iko ndani ya machine tangu asubuhi."

"Nani alikwambia?"

"Watu wawili. Sheria inataka mashahidi wawili. Zakaria alisema ameona maiti inaletwa kwa ingobyi, na magongo yako juu yake. Na huyu mama wa mandazi akasema ndiyo, ni kweli."

Farida akamgeukia Klara. "We mama, uliona nini?"

"Mimi? Sikuona kitu. Zakaria ndiye aliyeniambia."

Farida aliweka tableti mezani.

"Donc, basi, shahidi alikuwa mmoja," alisema. "Niliuliza watu wawili, sikuuliza kila mmoja ameona nini. Hiyo ni kosa yangu. Si ya Zakaria."

Kasiano alikuwa amewahi kusimama mbele ya meza nyingi za ofisi, Tanzania na Burundi, na kwa hesabu yake hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo likitoka upande ule wa meza. Aliliweka moyoni.

Farida alimpigia mkubwa wake Gitega, bwana Matata, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Matata hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni. Kifo kilichoandikwa hufutwa na wale wale waliokitangaza, alisema, wote wawili, mbele ya mtumishi, siku ile ile. Kikilala usiku mmoja, faili linafungwa na kupelekwa kwa warithi. Pensheni ingeweza kufufuliwa baada ya miezi. Nyongeza haingefufuliwa, kwa sababu orodha yake inafungwa leo.

Klara alifuta maneno yake papo hapo. Akabaki Zakaria.

"Zakaria yuko wapi?" aliuliza Kasiano.

Klara alionyesha barabara kwa kidole.

"Amekwenda Muyinga," alisema Klara. "Kumchukua Josefina, aje kumzika mama yake. Na nauli alikataa."

Simu ya Zakaria haikuwa hewani. Ya Josefina, binti wa pekee wa Efrazia, iliita bila kupokewa. Efrazia alijaribu tena na tena, kisha akaiweka simu kifuani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulibadilika, na Kasiano alielewa kwamba hakuwa akifikiria fedha.

"Analia barabarani," alisema Efrazia. "Bure."

Saa zilikwenda. Wastaafu wengine walihudumiwa mmoja mmoja. Ilipokaribia saa tisa, Klara aliinama kwenye meza na kushusha sauti.

"Dada Farida, hapa wanaume ni wengi. Mmoja aseme yeye ni Zakaria. Hiyo machine inamjua Zakaria?"

"Machine haimujui," alijibu Farida. "Mi namujua."

"Umwache mwenzetu akose kwa jambo dogo hivyo?"

Kasiano alitaka kusema neno, na anakiri kwamba lilikuwa neno la kumuunga mkono Klara. Efrazia alimtangulia.

"Klara, nimeuawa kwa ushahidi wa uongo. Sitafufuka kwa mwingine."

Farida aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayeona mshono umenyooka.

Saa tisa ilifika. Dereva alikuja kusimama kando ya meza, funguo mkononi. Gitega ni mbali, alisema, mafuta yaliyomo ni ya kurudia tu, na giza halimsubiri mtu.

"Naomba unisomee hii, Mwalimu," Farida alimwambia Kasiano; mtu alikuwa amemdokeza kwamba huyu alifundisha kule kwenye makazi ya wakimbizi. Akamgeuzia karatasi ya maagizo. Kasiano alisoma kwa sauti: aliyefika kabla ya saa ya kufunga atahudumiwa.

"Amefika kabla?"

"Amefika kabla."

"Inasema nitamuhudumia kwa muda gani?"

"Haisemi."

"Basi bado namuhudumia," Farida alimwambia dereva. "Kaa, kula andazi."

Kisha akaswali asri nyuma ya baraza, akarudi kukaa mahali pake, mikono juu ya meza. Kasiano aliwahi kuona watu wanaovunja kanuni kwa huruma na watu wanaojificha nyuma ya kanuni. Huyu aliishika kanuni kwa mikono miwili na kuikamua hadi tone la mwisho.

Jua lilikuwa limeshainama waliposikia kengele ya baiskeli. Zakaria alikuwa ameloa jasho. Nyuma yake Josefina alikuwa amejifunga kitenge kichwani kimsiba, uso umevimba. Alishuka kabla baiskeli haijasimama, akaikimbilia ingobyi iliyokuwa imeegemezwa ukutani, tupu. Akageuka. Kwenye benchi mama yake alikuwa na andazi mdomoni.

"Mama," alisema Josefina. "Unakula?"

"Niliambiwa msiba una chakula. Njoo ukae, mwanangu."

Josefina aliketi chini pale pale alipokuwa, kwenye tope, akalaza kichwa kwenye paja lililobaki la mama yake. Mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama alikuwa akicheka au akilia. Efrazia alimfungua kitenge cha kichwani na kukikunja vizuri.

Zakaria alibaki ameshika usukani wa baiskeli.

"Nilisalimia," alisema. "Hakuna aliitika. Na mtu amefunikwa mpaka kichwa. Mi ningefikiri nini, ee?"

"Ungechungulia," alisema Klara.

"Nichungulie maiti? Sha, we uko na adabu gani?"

"Ana haki," alisema Kasiano. "Mimi ndiye niliyefunika. Njoo ufute, Zakaria, mama Farida ana safari."

Zakaria alisogea mezani na kueleza, kwa sauti ya mtu aliye mahakamani, kwamba Efrazia hakufa, kwamba amemwona anakula, na kwamba ameliona hilo kwa macho yake, hakuambiwa na mtu. Farida aliandika kila neno. Chini yake akaandika kosa lake mwenyewe, jina na saini, ingawa hakuna aliyemwomba. Kisha akabonyeza. Mtandao ulisita, ukasita tena. Simu ya Efrazia ikalia ndani ya kitenge.

Alisoma ujumbe wa kuingia kwa nyongeza, akamsogezea Josefina naye asome.

"Kesho asubuhi," alimwambia binti yake, "unapitia kwa Mahmudu kabla hujafungua biashara yako mjini. Mwambie yule mteja wake aache kugusa kitu changu."

Farida alikuwa tayari anafunga begi. Efrazia alimwita.

"Mama Farida, asante kwa kungoja."

"Usinishukuru. Mi ndiye nilikuua." Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza, akapanda gari.

Likabaki beseni. Klara alilileta mbele ya benchi bila kujua la kulifanyia. Fedha ya msiba hairudishwi kwa waliotoa. Kuirudisha ni kama kuwaambia watabiri msiba mwingine. Na Efrazia hakuwa amekufa ili iliwe msibani kwake. Watu walitoa mawazo, mengi yakiwa ya pombe.

"Mbavu za ingobyi zimeoza," alisema Efrazia. "Nimezisikia zikilia njia nzima. Nunueni matete na miti mipya. Atakayebebwa baada yangu asije akaanguka."

Kasiano alimtazama. Yule aliyekuwa amepania kuliko wote kutobebwa tena ndiye peke yake aliyeikumbuka ingobyi. Hakumsifu, alihesabu tu wabebaji, akawapanga, akailalia ingobyi, akaitikisa.

"Itafika," alisema.

Nusu ya uwanja iliwasindikiza hadi mwanzo wa mteremko, na Zakaria mwenyewe akachukua mti wa mbele, baiskeli yake ikisukumwa na Josefina. Bondeni mvua ilianza, safari hii mvua kamili. Kasiano alilifikia turubai na kuanza kulikunjua.

"Liweke huko huko," alisema Efrazia, uso umeelekea juu, maji yakimtiririka shingoni. "Nisije nikafa tena. Na nyie wengine, tukianza kupanda mlima, mwimbe."

"Pumzi tutaitoa wapi?" aliuliza Zakaria.

"Mtajua wenyewe. Mtu akisalimia, ajibiwe."