Mshono wa Mkono Mwingine

Fundi cherehani aliigeuza suruali ya kahawia ya mumewe ndani nje ili aipige pasi, akaona mshono asioujua. Nyuma, chini ya ukanda, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kushonwa kwa uzi wa kijivu, hatua ndogondogo kama nyayo za sisimizi. Yeye hakuwa na uzi wa kijivu. Na tangu waoane, hakuna mkono mwingine uliowahi kushona hata kifungo cha mwanamume yule.

Aliketi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na leo alikuwa amekishika.

Hapo yote aliyokuwa akiyameza yakampanda kooni. Mwaka jana mumewe, fundi saa, alikuwa mtu wa kusinzia sahani ikiwa bado mezani. Kitambi kilimtangulia mlangoni, hasira zake hazikuwa na sababu, na kitandani aligeukia ukuta kana kwamba ndio aliouoa. Mkewe alisema ni umri, wote wawili wamevuka hamsini, akamwombea. Lakini siku hizi fundi saa anapiga mluzi. Anachelewa kurudi, na akirudi amekwisha kuoga. Saa gani hiyo inayotengenezwa kwa sabuni? Na usiku, basi, usiku amerudi kuwa bwana harusi. Jambo la kumfurahisha ndilo lililomtia shaka zaidi. Kuni zilizolowa haziwaki zenyewe, nani amezikausha?

Ni mwanamke, aliwaza, au ni zile dawa za unga za nguvu za kiume zinazouzwa vichochoroni. Hakujua lipi baya zaidi. La kwanza lingeuvunja moyo wake. La pili lingeusimamisha wa mumewe.

Asubuhi akamtega.

"Baba Watoto, nikupunguzie kiuno cha ile suruali ya kahawia? Naona umekonda."

"Aa, iache tu, mama. Iko sawasawa."

"Nani kasema?"

"Kiuno chenyewe." Akacheka peke yake, akatoka upesi kuliko kawaida.

Mkono wenye hatua ndogo vile aliujua. Ulikuwa wa fundi wa mtaa wa pili, waliyempa jina la Sindano, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu walipogombania kazi ya kushona sare za shule. Jioni alifunga duka, akaibeba suruali hadi kwa Sindano, akafumba macho kizingitini. "Ee Mungu, nishikie ulimi. Mikono nitajaribu mwenyewe."

"Hodi."

"Karibu, kama ni heri," alijibu Sindano bila kuinua uso.

Suruali ikatupwa mezani. "Mkono wako huu?"

"Wangu."

"Na mwenye suruali, naye wako?"

Sindano alitoa pini mdomoni, moja moja, kisha akacheka hadi akaacha kukanyaga cherehani. "Dada, huyu mmoja niliye naye nashindwa kumshibisha, nimwongeze na wako? Aliniomba nimpunguzie, nisikwambie. Nenda gereji kwa mume wangu sasa hivi, kabla hawajaoga."

"Hawajaoga nani?"

"Wazee wetu. Nenda ukaone."

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Alichungulia kwenye upenyo wa mabati. Kati ya injini zilizokufa, mume wa Sindano alikuwa akipindua tairi la lori, akiguna. Kando yake, fundi saa, kifua wazi, jasho likimchuruzika, aliinua bomba la chuma lililofungwa ringi za magari huku na huku. Mkewe alisukuma mlango. Fundi saa akaliteremsha bomba polepole, kama mwizi anayerudisha kitu mahali pake.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu."

"Geuza mifuko."

Akageuza: leso, na bisibisi ndogo ya saa. Unga haukuwepo.

"Nilikwenda kwa daktari," alisema, akiitazama sakafu. "Akanipima damu. Homoni ya kiume imeshuka. Umri una sehemu yake, akasema, lakini kitambi, usingizi mbovu na kukaa kitini kutwa vimeisukuma zaidi. Niliomba kidonge. Akasema nianze na mwili: nitembee, niinue vizito kidogokidogo, nilale mapema, halafu nirudi anipime tena. Ujana hakuniahidi."

"Mimi mkeo ukanificha?"

"Ningesemaje? Kwamba mumeo anazimika kama betri? Ungenizungushia utepe wa kupimia kiunoni mara moja tu, ungeniuliza. Nilitaka nipone kwanza."

"Mficha maradhi..."

"Najua. Lakini si neno la barazani hili."

"Mimi ni baraza? Mwezi mzima namwomba Mungu akuumbue."

"Na mimi namwomba usijue."

"Maskini Mungu," alisema mume wa Sindano, amelikalia tairi. "Mmempa kazi."

Nyumbani, mkewe aliufumua uzi wa kijivu wote, akautupa, akachukua utepe.

"Simama. Usilivute tumbo ndani. Nataka kiuno cha kweli."

"Kitambaa kilichozidi ukikate kabisa."

"Akiba haikatwi." Alikikunja kitambaa ndani, akaanza kushona kwa uzi wake mwenyewe wa kahawia. "Tumbo likirudi, litahitaji pa kukaa. Ila wa kuliona kwanza niwe mimi, si Sindano."

"Sawa, mama."

"Kesho unakwenda tena?"

"Nakwenda."

"Nitapita."

"Bado huniamini?"

"Nakuamini," alisema, pini mdomoni. "Nitapita tu."