Miguu Safi Mlangoni kwa Bi Mwanaasha

Nimekula katika vibanda na migahawa mingi, lakini niliofukuzwa kwa sababu ya usafi ni mmoja tu. Ulikuwa Morogoro, mwezi wa Ramadhani, mwaka ule reli ya Mdachi ilipokuwa imekaribia mji lakini haijaingia.

Nilitoka Kisaki kwa miguu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na zikianza, milima ya Uluguru huota uyoga. Njiani watu wa Matombo wakaniambia, "Ukifika mjini nenda kwa Bi Mwanaasha, anaupika kwa nazi." Tangu hapo sikuwaza kitu kingine. Msafiri dini imemruhusu kula mchana, atalipa siku zake akitulia. Mimi sijatulia mpaka leo.

Bi Mwanaasha aliteremsha jamvi mlangoni ili wanaofunga wasione sufuria, akakaa mbele yake na upawa mkononi kama askari wa boma. Hapiti mtu wa mjini. Kipimo chake miguu: mwenye tope aingie, asiye na tope akafunge kwao.

Sasa mimi mjinga, mtoni niliona haya kuingia mji wa watu na uchafu. Nikasugua miguu kwa jiwe mpaka visigino vikang'aa kama vya bibi harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kisaki."

"Kwa miguu hiyo?"

"Nimenawa mtoni."

"Nenda zako, mwanangu. Mwambie mkeo asikupake mafuta kabla hujaja kunidanganya."

"Mke sina!"

"Na saumu huna vilevile."

Mara akaja bwana mmoja mnene, tope jekundu hadi magotini, mzigo kichwani, anahema. "Natoka Kilosa, mama. Siku tatu!" Na kidoleni amevaa kastabini ya kushonea.

"Pole, baba, pole na safari." Jamvi likanyanyuliwa. Harufu ya uyoga ikanipiga puani.

"Mama, huyo ni fundi wa nguo!"

"Kwani mafundi hawasafiri?"

Nikaenda kutafuta tope. Jua lilikuwa kali, njia imekauka. Dimbwi moja tu lilibaki, nyuma ya soko, na pale nikakuta wanaume watatu wamekunja kanzu, wanajipaka kimya kimya kama watu wanaotawadha.

"Ngoja zamu yako, ndugu," mmoja akaniambia.

Niliporudi, Bi Mwanaasha alinitambua kutoka mbali. "Haya, sasa umetoka wapi? Tabora?"

Nikashinda na njaa. Saumu haikuhesabiwa, maana sikuitia nia. Njaa ilihesabiwa yote.

Nilinawa tena, na adhana ya magharibi ikanikuta mbele ya nyumba moja. Mwenyewe alisimama barazani akiita wapita njia, "Karibuni futari, jamani!" Kastabini kidoleni. Aliponiona, akageuka akaita upande wa pili wa njia.

"Mikidadi, mbona humkaribishi mgeni?" mkewe akasema kutoka ndani.

Nikakaribia bila kukaribishwa. Mkewe, Mwaisha, akaleta sinia: magimbi, na juu yake uyoga wa nazi. Akamrundikia mumewe kilima kizima. "Kula, mume wangu. Tangu alfajiri hujatia kitu mdomoni, na kanzu za Idi zote hizo."

Mikidadi alikitazama kile kilima kama mgonjwa anayeletewa dawa mara ya pili. Alipokunja miguu, kanzu ikapanda. Udhu wake uliishia vifundoni. Tope lilibaki magotini.

"Tope hili umelipata wapi, na wewe umeshinda unashona?" Mwaisha akamuuliza.

Mikidadi akanitazama kwa macho ya mbuzi wa Idi. Mimi nikautazama uyoga.

"Ni mimi, shemeji," nikasema. "Nilikwama bondeni, akaacha kazi akaja kunivuta. Mimi nilipata pa kunawa."

"Maskini! Na saumu yake!" Akamwongezea mwiko mwingine, akarudi jikoni.

"Ndugu," Mikidadi akanong'ona, "nisaidie na hiki pia."

Nikageuza sinia, upande wake ukaja kwangu. Nilimsaidia mpaka sinia likang'aa kama visigino vyangu.

"Na ule wa mchana," nikamuuliza, "ulikuwaje?"

Akachungulia mlango wa jikoni kwanza. "Mtamu kuliko huu. Lakini usimwambie."

Tangu siku hiyo, nikikaribia mji wowote, miguu nanawa baada ya kula.